Uchane Uliokaidi

Februari 9

Mimi Hobart Cutlip nina miaka themanini na mmoja na meno yangu kumi na tisa. Migodi miwili ya makaa ilitaka kunizika. Yote imefungwa, mimi nipo. Nyumbu watano wa kazi nimewafukia kwa koleo langu. Madaktari watatu walinikataza tumbaku, na kwenye maziko ya wote watatu nilisimama nikiwa nimeitia shavuni. Mke wangu Opal nimemzika. Mwanangu Dwight nimemzika, na hilo sijisifii.

Naandika kwa sababu ya mjukuu wangu Delphia, mtoto wa Dwight, mwenye miaka kumi. Hasomi shule. Anafundishwa na mama yake, mkwe wangu Tamra, hapa hapa kwenye meza ya jikoni. Sasa mama amempa kazi ya kuandika shajara mpaka mwezi wa sita, na mtoto akasema, "Babu akiandika, nitaandika." Wote wawili wakanitazama. Nikawaambia hiyo kazi ndogo, mimi nimewahi kumwandikia gavana. Aliandika Opal. Mimi niliweka sahihi.

Daftari hili ni langu. Hakuna ruhusa ya kulisoma.

Februari 10

Theluji. Nimepasua kuni. Basi.

Februari 13

Leo niandike jambo lenyewe.

Mtoto anayesomea nyumbani lazima apimwe. Karatasi inatoka mbali, inafanana nchi nzima, ina viduara vya kujaza kwa penseli. Halafu unaambiwa kati ya watoto mia wa rika lake amewapita wangapi. Mstari wa kufaulu wa ofisi ya elimu ya kaunti ni ishirini na tatu. Mwaka jana Delphia alipimwa mjini na mtu asiyemjua. Akapata tisa.

Ofisi ilileta barua yenye adabu, lakini adabu haibadilishi neno. Tamra amepewa mwaka mmoja. Mtoto akianguka tena mwezi wa tano, mwezi wa nane atapanda basi.

Hilo basi tunalijua. Shule ya bondeni kwetu ilipofungwa, watoto walihamishiwa ile kubwa ng'ambo ya mlima, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Delphia alikuwa na miaka sita, na baba yake ana miezi miwili kaburini. Mwezi wa kumi akaacha kusema shuleni. Kabla ya Krismasi akaacha kusema na nyumbani. Miezi minne, neno hata moja halikutoka. Alikuwa akitaka maji anakushika kidole anakupeleka kwenye bomba. Tamra akamtoa shule.

Aliyemrudisha kusema ni mimi. Mimi ni msuka vikapu vya mwaloni mweupe, na hakuna anayebisha katika kaunti tatu. Nilimkalisha bandani, nikawa nampa chane, vile vipande vyembamba vya mti vya kusukia, anishikie. Siku moja ya Machi uchane ukajipinda mkononi mwake, na nikasikia, "Babu, huu umekaidi."

Nilikaribia kumeza tumbaku. Lakini sikuonyesha kitu. Nikamwambia, "Hatuuachi. Ulio mkononi kwanza, mwingine baadaye." Akaukunja na kuukunjua mpaka ukatii. Tangu siku hiyo ndiyo sheria yetu mimi na yeye: hatuachi kitu. Baba yangu alikuwa akikutana na uchane mkaidi anaurudisha kwenye ndoo ya maji anachukua mwingine. Mimi sirudishi. Mikono yangu inatosha.

Kwa hiyo tisa hiyo haikutoka kwangu. Tamra ni mtu wa Ohio, jimbo la jirani. Ana vitabu vingi mno.

Februari 20

Tamra ameanza kumzoesha mtoto kwa saa. Amechukua ile saa ya jikoni yenye kengele, ya kuchemshia mayai, akaiweka mezani. Karatasi ya mazoezi, dakika thelathini. Mimi nilikuwa pembeni narekebisha kiti kisicho na ubaya wowote.

Kengele ikalia. Tamra akaangalia karatasi, rangi ikamtoka usoni.

"Delphia, mbona umefanya manane tu? Yapo arobaini."

Mtoto akainua mabega.

"Hukujua?"

Akavuta uzi wa mkono wa sweta.

"Nijibu, mwanangu. Hukujua au hukutaka?"

Nikasema, "Mwache mtoto. Unampigia kengele kama anachemka."

"Baba, naomba usiingilie."

"Ningefundisha mimi angejua."

Akageuka, akaniambia taratibu, na Tamra akisema taratibu afadhali apige kelele: "Sawa, Baba. Njoo ufundishe. Kitabu hiki hapa, ukurasa wa hamsini na mbili. Soma swali la kwanza tusikie."

Nikasema nimesikia ng'ombe, nikatoka. Hatuna ng'ombe tangu mwaka wa mafuriko.

Machi 2

Utomvu umeanza kutiririka kwenye miti ya sukari, ule tunaoupika uwe shira. Nimetundika ndoo kumi na nane. Tamra na mimi tunasalimiana tu.

Machi 6

Leo Tamra amemleta Maxine Tolliver ndani ya nyumba yangu.

Ndiye atakayesimamia mtihani mwaka huu, kwenye chumba cha chini cha kanisa. Amefundisha miaka arobaini, ana cheti cha kusimamia. Ana miaka themanini na miwili na bado anaendesha gari, vibaya.

Mimi na Maxine tulisoma chumba kimoja, shule ya Laurel Fork, madarasa yote mbele ya jiko moja la makaa. Nilikuwa na miaka tisa mwalimu aliponisimamisha nisome mbele ya wote. Nikafika neno moja, nikakwama. Mwalimu akasema hakai mtu mpaka nilisome. Nikasimama pale mpaka kengele. Maxine, dawati la mbele, mdomo wake ulikuwa unacheza. Alikuwa ananicheka. Mwaka ule ule nikaacha shule nikaenda kukata miti na baba. Miaka sabini na miwili sijampa uso.

Leo akavua koti, akasema, "Hobart. Nilidhani ulishakufa."

"Nilingoja nikuone unatangulia."

"Basi utangoja," akasema, akaketi kwenye kiti changu.

Akampa Delphia karatasi, akaiwasha ile saa. Hakumtazama usoni, alitazama penseli yake. Dakika thelathini bibi huyu anatazama penseli ya mtoto. Kengele ilipolia, akamwambia Tamra, "Niletee matokeo ya mwaka jana. Siyo ukurasa wenye namba. Ule wa pili."

Ule wa pili hakuna aliyekuwa ameusoma. Tamra alipoiona tisa alikunja karatasi akaitia kwenye droo. Maxine akaweka kidole kwenye mstari mmoja mdogo.

"Hesabu. Maswali arobaini. Aliyojaribu, kumi na moja. Aliyopata, kumi na moja." Akashuka chini. "Kusoma. Maswali arobaini na manne. Aliyojaribu, kumi na mawili. Aliyopata, kumi na mawili."

Tamra akasema, "Kwa hiyo…"

"Hajakosa hata moja, binti yangu. Amefika swali la kumi na mbili la hesabu, akasimama hapo kama nyumbu mtoni mpaka saa ikaisha. Na leo amefanya vile vile. La tisa limemshinda, na dakika kumi na tisa hajanyanyua penseli juu yake. Nimefundisha watoto elfu moja. Watoto wa shule wanaruka tangu darasa la kwanza, wanafundishana wenyewe. Huyu kuna mtu amemfundisha asiruke."

Akamwinamia mtoto. "Delphia, kwa nini hukuenda la kumi?"

Mjukuu wangu akanitazama mimi. Akasema, kwa sauti safi kabisa, "Babu alisema hatuachi."

Nilitoka kwenda kuangalia ndoo za utomvu.

Machi 7

Nimepika utomvu. Umeungua.

Machi 9

Sijazungumza na mtu. Tamra ameniwekea chakula mezani, maharage na mkate wa mahindi, hakusema kitu. Ningekuwa yeye ningesema. Ningesema mwaka mzima.

Machi 15

Nimemwambia Delphia bandani, "Kwenye ile karatasi, likikushinda, ruka."

Hakuinua macho kwenye kikapu. "Wewe huruki."

"Mimi ni mzee."

"Ulisema hata ulipokuwa mdogo hukuwahi kuacha kitu. Ulisema mti ulikuangukia mguu ukamaliza kwanza kuukata."

Hilo nililisema. Si kweli sana.

"Nakuruhusu," nikasema.

"Tukiruka hapa je?" Akanyanyua uchane aliokuwa nao. "Huu nao niuache?"

Ningesema ndiyo, ningekuwa nimeliacha lile neno lake la kwanza. Ningesema hapana, lile basi linangoja barabarani.

Mvua imeanza.

Machi 18

Mvua. Karatasi ya mazoezi: amefanya kumi, kapata kumi. Yapo arobaini.

Machi 19

Mvua. Tamra ameniuliza kama najua la kufanya. Hajawahi kuniuliza kitu. Nikamwambia ninalo wazo. Sikuwa nalo.

Machi 22

Naandika hili polepole.

Kila jioni baada ya chakula nawasomea gazeti. Nimefanya hivyo tangu Opal yupo. Delphia anakaa miguuni pangu na anaamini hakuna neno duniani linalomshinda babu yake. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Leo Maxine alikuja kwa mazoezi yake ya Jumamosi. Nikavuta kiti, nikaketi mezani karibu na mtoto, nikasema, "Nipe na mimi karatasi. Ya kusoma."

Maxine akavuta karatasi nyingine. "Una hakika, Hobart?"

"Washa saa yako."

Nikasema nitasoma kwa sauti. Ilikuwa habari ya mtu aliyejenga daraja. Nikasoma, na safari hii sikufanya kama ninavyofanya kwenye gazeti. Kwenye gazeti nikifika neno nisilolijua nakohoa, au natia jingine linalofanana na maana, na sauti haishuki. Leo nilipolifika nilisema "ruka" nikaendelea. Kwenye mstari wa kwanza, ruka moja. Kwenye wa tatu, ruka mbili. Ukurasa mmoja, Tamra alihesabu, nimesema ruka mara ishirini na sita. Saa inakwenda ti-ti-ti. Tamra alishika kitambaa cha vyombo hakufuta kitu. Nilihisi jasho mgongoni kama niko chini mgodini.

Nilipomaliza nikajaza viduara. Maswali tisa. Nimepata sita.

Nikamgeukia mjukuu wangu. "Mtu alijenga daraja, maji yakalichukua, akajenga jingine juu zaidi. Siyo?"

"Ndiyo," akasema.

"Nimeelewa, na maneno ishirini na sita sikuyajua. Sijui kusoma vizuri, Delphia. Sikuwahi. Niliacha darasa la nne. Nimeruka maisha yangu yote."

"Na gazeti?"

"Naruka."

"Na Biblia?"

"Pale nisipopajua kwa moyo, naruka."

Nilidhani atacheka, au ataona jambo lenyewe, kwamba kuruka si dhambi. Akafumba midomo. Akaweka penseli mezani sambamba na karatasi, akashuka kwenye kiti, akaenda chumbani kwake.

Maxine alivaa koti. Mlangoni akasema, "Ile siku ya Laurel Fork. Unadhani nilikucheka."

"Nilikuona mdomo."

"Nilikuwa nakunong'oneza. Nilikuwa nasema, endelea na linalofuata, Hobart, endelea. Hukunitazama."

Inawezekana. Sina shahidi mwingine, wote wamekufa.

Machi 23

Delphia hajasema kitu leo.

Machi 24

Hajasema.

Machi 25

Amenishika kidole akanipeleka kwenye bomba. Nikampa maji. Nimetoka nje nimesimama kwenye mvua mpaka Tamra akanifuata na koti.

Nikamwambia Tamra, "Nimemuua mara ya pili. Kwanza ile tisa, sasa sauti."

Akanitia koti mabegani kama natoka kuoga. Akasema, "Baba, niliyemwekea kengele ni mimi. Ukurasa wa pili sikuusoma mimi. Ingia ndani."

Miaka yote hii nimemwita mtu wa Ohio. Ana mikono mizuri, huyu.

Machi 27

Kimya. Kijito kimepanda mpaka kwenye nguzo ya ua. Tamra hajaenda zamu yake kwenye nyumba ya wazee. Saa ya jikoni ameificha.

Machi 29

Nilikuwa bandani nasuka, kwa sababu sijui kitu kingine cha kufanya. Delphia alikuja mwenyewe akakaa kwenye gogo lake. Nikampa chane. Tukasuka kama saa nzima, mvua inapiga bati.

Uchane mmoja ukamgomea. Mnene upande mmoja, umejipinda. Akaukunja, akaukunjua. Haukutii. Nikataka kunyoosha mkono nimsaidie, nikauzuia mkono wangu kwa mkono mwingine.

Akainuka. Akaenda kwenye ndoo ya maji pembeni, akautumbukiza, akaukandamiza mpaka ukazama. Akarudi, akachukua mwingine, akaendelea kusuka mzunguko mzima, na mwingine wa pili. Halafu akaenda akautoa ule. Ulikuwa umelainika. Akaupitisha ukapita kama utepe.

Akasema, "Huu hatukuuacha, Babu. Tumeuloweka."

Sauti ilikuwa na kutu kidogo.

Nikasema, "Baba yangu alikuwa akifanya hivyo."

"Kwa nini wewe hufanyi?"

"Kichwa kigumu."

"Kwenye karatasi naweza kuweka nukta ndogo pembeni ya swali," akasema. "Hiyo ndiyo ndoo. Nikimaliza mengine narudi kuangalia."

Nilitaka kumwambia kwamba hilo nililijua tangu mwanzo na nilingoja alifikie mwenyewe. Mdomo ulishafunguka. Nikaufunga. Iandikwe kwamba niliufunga.

Machi 30

Tamra amerudisha saa mezani. Delphia amefanya maswali kumi na tisa. Nukta mbili.

Aprili 5

Maswali ishirini na tatu. Nimechimba vitunguu mwitu mlimani, nyumba nzima inanuka, hakuna anayelalamika kwa kuwa wote tumekula.

Aprili 14

Ishirini na moja. Amerudi nyuma. Analoweka lakini anarudi kuangalia ndoo kila dakika. Maxine anamwambia, "Ukifunua sufuria kila mara wali hauivi." Mimi nikamwambia hapa hatuli wali. Akaniambia ninyamaze nisuke.

Aprili 26

Ishirini na tisa. Amekosa matatu. Alilia kwa hayo matatu, maana hajawahi kukosa. Nikamwonyesha kikapu changu cha kwanza, ninachokificha juu ya dari. Kina tundu paka anaweza kupita. Nilikuwa nimewaambia wote kiliungua.

Mei 7

Baridi imerudi, ile inayokuja maua ya matunda mwitu yakichanua. Maxine ana kikohozi. Namwombea, kwa mtihani tu.

Mei 12

Siku yenyewe, na usiku wa jana mvua imenyesha kama inadai kitu.

Mtihani saa tatu. Mlango ukifungwa haufunguliwi; karatasi zina mihuri na saa inawashwa kwa wote pamoja, watoto kumi na mmoja wa kaunti. Siku nyingine ya kufanya haipo kabla ya tarehe ya mwisho ya ofisi.

Saa mbili kasorobo tumefika kwenye daraja letu la chini. Daraja silioni. Maji ya rangi ya kahawa, yanapita juu yake na gogo zima la mkuyu.

Nikasema, "Nakijua kina chake. Nimevuka hapa na nyumbu mwaka wa mafuriko." Nikatia gia.

Tamra akasema, "Baba, zima."

"Maji yanafika nusu gurudumu."

"Zima gari."

"Sijawahi kurudishwa na kijito hiki."

Delphia alikuwa katikati yetu, kapakata penseli zake mbili kwenye mfuko wa plastiki. Akapita juu ya mapaja ya mama yake, akafungua mlango, akashuka kwenye matope, akaanza kutembea kuelekea njia ya mgongo wa mlima, ile ya kupitia malishoni kwa majirani, kina Shreve. Hakugeuka hata mara moja.

Nikazima.

Ni maili moja na robo kwa njia hiyo, na nusu yake ni kupanda. Nina miaka themanini na mmoja na pafu moja na nusu. Nilitembea. Mara mbili nikasimama, Tamra akanishika kiwiko, mara ya pili sikuutoa mkono wake. Tulipotokeza juu tukaliona kanisa, na watoto wanaingia. Nikawaambia, "Nendeni. Niacheni." Delphia akasema, "Hatukuachi. Utatukuta," wakakimbia.

Nilifika saa tatu na dakika sita. Mlango umefungwa. Nikachungulia dirisha dogo la chini nikamwona Maxine kasimama na saa mkononi, na kisogo cha mjukuu wangu, viatu matope mpaka kwenye soksi. Sikuona anafanya nini. Nilikaa kwenye ngazi na Tamra. Alitoa nusu ya mkate wake akanipa.

Walipotoka saa sita, Delphia alikuwa wa mwisho. Nikamwuliza, "Basi?"

"Niliyaloweka saba," akasema. "Manne yalilainika."

"Na matatu?"

"Kengele ililia, bado yamo ndooni." Akanywa maji ya Tamra yote. "Sikuweza kufanya kitu, Babu. Nina njaa."

Mei 13

Siku ya pili, kusoma na sayansi. Tumepita juu tena. Maji yameshuka na daraja letu limeondokewa na ubao wa kati, pale pale ambapo gurudumu langu lingepita. Tamra aliona. Hakusema. Mimi naliandika.

Mei 21

Tunangoja. Nimerekebisha daraja.

Juni 1

Tunangoja. Nyasi zimefika magotini.

Juni 9

Hakuna barua. Delphia kasema anataka kujua kwenye basi watu wanakaa wapi, kama kuna viti vya dirishani. Tamra akaenda kuoga katikati ya mchana.

Juni 17

Barua imekuja leo. Tamra yuko kazini, Delphia yuko kijitoni. Mimi peke yangu kwenye sanduku la barua.

Ningeweza kungoja. Nilifungua.

Nilikaa kwenye ngazi nikasoma. Neno nisilolijua nililiwekea nukta ya penseli nikapita. Ukurasa wa kwanza nukta kumi na nne. Nikarudi. Saba zikalainika. Nikaiona namba. Sikuiamini, nikageuza ukurasa wa pili, ule wa mistari midogo. Aliyojaribu, thelathini na saba. Aliyopata, ishirini na nane. Nikageuza tena. Bado sikuamini. Nikatia kofia, nikatembea mpaka kwa Maxine Tolliver, nikagonga mlango ambao sijawahi kuugonga, nikasema, "Nisomee."

Hakutania. Akavaa miwani, akasoma yote kwa sauti, neno kwa neno, hakuruka hata moja.

Arobaini na saba. Mstari ni ishirini na tatu.

"Ulikuwa umeshasoma mwenyewe," akasema. Aliona nukta.

"Nilitaka shahidi."

Akanipa kahawa. Mbaya, lakini nimeimaliza.

Juni 18

Shajara inaishia hapa, Delphia naye kamaliza yake. Jana nilipompa habari pale kijitoni hakusema kitu, moyo wangu ukasimama. Kumbe alikuwa na kamba ya kuvulia samaki mdomoni. Alipoitoa alisema mpaka chakula cha jioni, na mpaka kwenye vyombo, na Tamra akamwambia anyamaze kidogo apumue, wote tukacheka.

Vikapu vyangu bado ni bora katika kaunti tatu. Hilo halijabadilika.

Anayetaka kujua kama niliyoandika ni kweli, amuulize Tamra Cutlip, mkwe wangu, binti yangu, aliyehesabu ruka ishirini na sita na hajamwambia mtu. Amuulize Maxine Tolliver aliyeshika saa, na ambaye kwa jambo la Laurel Fork namwamini. Daraja aliangalie mwenyewe, ubao wa kati ni mpya.

Na daftari hili nimempa Delphia, ana ruhusa. Kuna mahali nimeruka. Hayo mtayasikia kwake, kwa mdomo wake.